Neno Lililofanana na Riba

Mtu akiniuliza leo nyumba ya Herndon ilitupotea vipi, ninaweza kumjibu kwa lugha ya ofisini na jibu langu litakuwa sahihi kabisa. Nitamwambia kulikuwa na fedha ambazo hazikuandikwa mahali pake, kampuni ikasita, tarehe ikapita, mwenye nyumba akamuuzia mwingine. Lakini nyumba ile haikupotea ofisini. Ilipotea jikoni kwa shangazi yangu, Jumamosi moja asubuhi, kwa sababu ya neno moja la Kiingereza ambalo likitamkwa haraka linasikika kama dhambi.

Shangazi ni dada yake baba. Ndiye aliyenipokea nilipofika kutoka Mombasa nikiwa na sanduku moja na kiburi cha kujaza masanduku matatu. Nililala sebuleni kwake miaka minne, katika fleti ya ghorofa ya tatu huko Falls Church, karibu na Route 7, jengo la matofali lisilo na lifti. Mumewe nilimwita Ami. Kwa hesabu ya ukoo hakuwa ndugu wa baba yangu, lakini alinifaa kuliko wengi waliostahili jina hilo kwa damu, nami sikuona sababu ya kumnyima. Hawakujaaliwa watoto. Nilipopata kazi na kuhamia kwangu, Shangazi aliendelea kuniwekea sahani yangu kila Jumamosi, na nisipokwenda alinipigia simu kuniuliza kama nimekufa.

Ami alikuwa mfanyakazi wa uwanja wa ndege wa Dulles. Kazi yake ilikuwa kusukuma viti vya magurudumu vya abiria wasioweza kutembea, kutoka kaunta hadi mlango wa ndege. Alijifunza kusema "pole" na "karibu" kwa lugha nyingi ajabu, na akirudi nyumbani alituigizia mabibi wa Kikorea na mababu wa Kihabeshi mpaka Shangazi akamkemea kwa kuwacheka watu wazima. Kisha kiharusi kikampiga. Mkono na mguu wa kulia vikafa ganzi, ulimi ukawa mzito, naye sasa akawa ndiye wa kusukumwa. Tatizo ni kwamba hapakuwa na pa kumsukuma. Kutoka dirishani hadi mlango wa fleti zilikuwa hatua kumi na moja, na baada ya hapo ngazi.

Alishuka zile ngazi alipopelekwa hospitali tu. Walikuja vijana wawili wa gari la wagonjwa, wakamfunga mikanda kwenye kiti chembamba, wakamteremsha hatua kwa hatua, naye aliwaomba radhi njia nzima. Hata msikiti, ulio mwendo wa dakika chache kwa gari, aliusikia kwa simu. Siku moja nilimuuliza anataka nini, nikitarajia ataje chakula nikamnunulie. Alichukua muda kuyapanga maneno yake.

"Mlango," alisema. "Mlango wa kutokea nje. Si lazima niende mahali."

Siku hiyo ndipo nilipoamua kwamba Shangazi atanunua nyumba, na kwamba mimi ndiye nitakayeitafuta. Siku za juma ninapokea wagonjwa mapokezi kwa daktari wa meno, lakini Jumamosi na Jumapili mimi ni dalali wa nyumba mwenye leseni ya Virginia. Shangazi aliposikia mara ya kwanza nimesomea udalali alisema kwao dalali akionekana kona watu hubadili njia. Hata hivyo aliwatangazia shoga zake wote, na nadhani ni yeye aliyeniletea wateja wangu wa kwanza watatu.

Kilichomzuia kununua miaka yote hiyo haikuwa umaskini. Alilea watoto wa watu kwa mshahara mzuri, na Ami hakuwa mtu wa kutapanya. Ilikuwa ni riba. Shangazi aliapa tangu alipofika nchi hii kwamba hataingia katika nyumba ya mkopo wa riba hata akilala bustanini, na alipokula kiapo, alikula. Wenzake walinunua nyumba Sterling na Wheaton, wakamwonyesha mazulia, naye akawaombea baraka na kurudi ghorofani kwake. Mpaka tulipoipata kampuni moja ambayo haikopeshi. Inanunua nyumba pamoja nawe, kisha unainunua sehemu yake kidogo kidogo mpaka nyumba inabaki yako peke yako. Shangazi aliwahoji wiki tatu. Aliwatoa jasho. Alipomaliza alinipigia simu kazini, nikiwa na mgonjwa mbele yangu aliyevimba shavu, akaniambia nianze kutafuta.

Nyumba ilikuwa Herndon, ndogo, imebanwa katikati ya safu ya nyumba zinazofanana. Mwenye nyumba alikuwa amemuuguzia mama yake humo, kwa hiyo chumba cha kulala kilikuwa chini, choo kilikuwa na vyuma vya kushikia, na mlango wa nyuma ulifunguka moja kwa moja kwenye nyasi bila hata kidato kimoja. Ndege za Dulles zilipita karibu kabisa juu ya paa, na wanunuzi wengine walikuwa wakilalamikia kelele. Mimi nilizisikia nikafurahi, kwa sababu nilijua nani atazihesabu. Shangazi aliingia chooni akashika vile vyuma kwa mikono miwili akavitikisa kwa nguvu zake zote.

"Vimekaza," alisema, kisha akakaa juu ya kifuniko cha choo akalia.

Tulikubaliwa bei. Ila zilikuwapo gharama za mwishoni, zile za karatasi na kodi na bima, na hapo akiba ya Shangazi haikutosha. Wala sikushtuka, kwa sababu nilikuwa na dawa yake. Dalali wa mnunuzi hulipwa kamisheni nyumba inapouzwa, na anaweza kumrudishia mteja wake sehemu ya kamisheni hiyo. Mimi nilikusudia kumrudishia Shangazi yote. Sikuwa na haja ya kutajirika kwa mgongo wa mtu aliyenilisha miaka minne.

Nilikumbuka tulivyofundishwa jambo hili darasani. Mwalimu wetu wa sheria alituambia kuna majimbo ya Marekani ambako dalali akimrudishia mnunuzi hata senti moja anavunja sheria. Alisema sheria hizo zinatetewa kwamba zinamlinda mnunuzi, asije akahadaiwa na zawadi akamchagua dalali mbovu. Nilinyoosha mkono nikauliza ni mnunuzi gani huyo anayelindwa asipunguziwe gharama. Darasa likacheka, na mimi nikajiona mtu. Mwalimu akangoja tutulie. Hapa Virginia inaruhusiwa, akasema, na ukivuka mto kwenda Maryland au Washington yenyewe pia inaruhusiwa, lakini iandikwe. Kamisheni ni ya ofisi ya udalali kabla haijawa yako, kwa hiyo ofisi ikubali. Anayetoa fedha za nyumba ajulishwe. Ionekane kwenye karatasi za siku ya mwisho, ya kukabidhiana nyumba. Mimi daftarini niliandika "inaruhusiwa", nikapiga mstari chini yake, na hayo mengine nikayasikia kwa sikio moja.

Basi Jumamosi hiyo nilikwenda Falls Church na fomu ya ukurasa mmoja mkobani. Shangazi alikuwa akikanda unga wa mahamri. Ami alikuwa dirishani, kiti kimegeuzwa kidogo ili atuone.

"Shangazi, kuna pesa zitakazotufaa mwishoni," nilimwambia. "Ni rebate. U-sign hapa tu, mengine nitamaliza mimi."

Mikono yake ikasimama ndani ya unga.

"Riba?"

"Si riba. Ribeti."

"Nimekusikia."

"Hujanisikia. Re-bate. Ni neno jingine kabisa, Shangazi. Hizi ni zangu mimi, nakurudishia."

Akajifuta mikono, akavaa miwani, akaichukua ile fomu akakisoma kichwa chake kwa sauti, kwa matamshi ya chuo cha Kurani, herufi moja moja. "Re-ba-te," alisoma. "Riba-te. Ni riba iliyovishwa koti."

Ami alicheka kwa ule upande wa mdomo uliokuwa bado wake. Mimi sikucheka. Mimi nina hasira za karibu, wanaonijua wote wanajua, na nilikuwa nimetoka kwenye msongamano wa barabara ya Beltway bila kunywa hata chai.

"Shangazi, Mungu hana shida na spelling."

Lilikuwa jambo baya kumwambia mtu kama yeye. "Miaka yote hii," alisema polepole, "nimekaa huku juu na mume mgonjwa kwa kulikimbia neno hilo. Leo wewe waniletea karatasini, wataka nitie mkono?"

Ningeweza kumpigia simu imamu wa msikiti wao, angemweleza kwa dakika tano. Ningeweza kuwaomba ofisini kwetu kwa madalali waniandikie barua kwa maneno mengine. Ningeweza kukaa chini, nikala hamri, nikamwelewesha kwa upole mpaka adhuhuri. Yote hayo niliyafikiria baadaye. Wakati ule niliikunja fomu nikairudisha mkobani, na hasira ziliposhuka nikaona aibu, na aibu ikanitia ujanja.

"Basi usiiite hivyo," nilisema. "Hiki ni kifungua mlango chako."

Kwetu pwani bwana harusi hafunguliwi chumba cha bibi harusi hivi hivi. Wako wanawake mlangoni, mashangazi na makungwi, nao hawabanduki mpaka awape kitu. Kitu hicho ndicho kifungua mlango. Shangazi katika ujana wake alikuwa mlinda mlango maarufu, waliwahi kumkodolea macho mabwana harusi wa mtaa mzima.

"Kwani mimi ndiye bibi harusi?" aliuliza, na niliona mashavu yanaanza kulegea.

"Nyumba mpya, mlango mpya. Wewe ndiye mwenye mlango, mimi ndiye nabisha hodi. Utakataa kifungua mlango?"

"Hicho sikatai," alisema. "Hicho ni haki yangu."

Ami alipiga mkono wake mzima juu ya kiti, pa, pa, pa, akajaribu kupiga kigelegele na kikatoka kikohozi. Tulicheka wote watatu. Shangazi akarudi kwenye unga wake. Hakuna aliyeuliza fomu imekwenda wapi, na mimi sikuitaja.

Kampuni ilitaka kuziona fedha zimekaa katika akaunti ya Shangazi kabla ya siku ya mwisho, na kamisheni yangu haikuwa imefika. Kwa hiyo Jumatatu nilimtumia kutoka akiba yangu mwenyewe, nikasema nikilipwa nitajifidia. Ofisini sikuwaambia. Nataka ieleweke vizuri kwamba nilijua. Mimi si mtu aliyedanganyika. Nilikuwa nimesoma, nilikuwa na leseni, na nilikuwa na ile fomu mkobani. Nilijiambia kwamba shangazi na mtoto wa kaka yake ni mambo ya nyumbani, na sheria haiingii jikoni.

Siku chache baadaye kampuni ikampigia Shangazi simu kuuliza habari za hizo fedha. Kiingereza chake cha kulelea watoto ni kizuri, lakini katika jambo lenye kiapo ndani yake hataki kusema kwa lugha ya kuazima. Aliambiwa ana haki ya mkalimani, akaidai haki yake. Mimi nilikuwapo. Nilikuwa nimechukua ruhusa ya nusu siku, nimekaa mbele ya Ami nikimlisha uji kwa kijiko, na simu ilikuwa mezani imewekwa sauti ya nje. Mkalimani alikuwa mwanamume wa Kikongo mwenye sauti ya taratibu.

"Bonjour mama, habari? Banauliza hivi: ile feza yenye iliingia ku compte yako, inatoka wapi?"

Shangazi alinikodolea macho. Nikamwambia kwa midomo, akaunti, akaunti.

"Ah. Hicho ni kifungua mlango," alijibu.

"Kufungula mulango? Mulango ya nani, mama?"

"Mlango wa nyumba, baba. Nimepewa na mtoto wa kaka yangu, ndiye dalali aliyenitafutia nyumba. Si mkopo, wala si riba. Ni kifungua mlango tu."

Yule bwana alikohoa, kisha akatafsiri kwa uangalifu mkubwa, bila kuongeza wala kupunguza, kwamba mama anasema dalali amempa fedha hizi ili mlango wa nyumba ufunguliwe.

Nilicheka. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba nilicheka. Nilicheka ule mulango wake na ile kufungula yake, nilicheka mpaka uji ukamwagika kwenye kitambaa cha Ami, na Ami akacheka kwa kuniona mimi nacheka. Msichana wa kampuni, upande wa pili, hakucheka. Aliuliza kwa adabu jina kamili la dalali. Shangazi akamtajia, na akaliandika.

Sina la kumlaumu mkalimani. Alitafsiri alichoambiwa. Neno lile nililiweka mimi kinywani mwa Shangazi, na yeye, maskini, alilisema kwa mtu aliyemuuliza ukweli.

Kesho yake niliitwa na mkubwa wa ofisi yetu. Alikuwa mwanamke mpole, na upole wake siku hiyo ulinitisha. Kampuni ilikuwa imesimamisha faili. Fedha zinazotoka kwa dalali wa nyumba ile ile, walisema, haziwezi kuwa zawadi hata dalali awe mtoto wa kumzaa. Ni sehemu ya kamisheni inayorudi kwa mnunuzi, na inayorudi huandikwa. Mkubwa wangu akafungua droo, akatoa fomu ya ukurasa mmoja, akaiweka mbele yangu.

"Hii ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo."

"Basi kwa nini?"

Nilijaribu kumweleza. Nilimwambia kuna neno katika dini yetu, na neno hilo linafanana na hili, na mama mwenyewe alikuwa na unga mikononi. Kila nilivyoeleza niliona jambo lenyewe linazidi kuwa dogo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alisema ingechukua dakika moja kuandika juu ya ile karatasi, kwa lugha yoyote, kwamba hii si riba, ni dalali anarudisha chake.

Hapo hasira zangu ziliniishia. Nilikuwa nimejiandaa kuigombeza sheria, nilikuwa na hotuba nzima, ile ile ya darasani, na sasa sikuwa na pa kuipeleka. Kwingine sheria ingenikataza kabisa, na ningekuwa na mtu wa kumlaumu. Hapa haikunikataza. Ilinitaka niandike tu.

Tuliandika. Shangazi akatia saini bila kuuliza, kwa sababu nilimwambia ni karatasi ya kusahihisha, na imamu, niliyempigia simu safari hii, alimweleza kwa dakika nne kwamba haina riba. Lakini hesabu zote za kampuni zilitakiwa kufanywa upya, na siku ya mwisho ilikuwa imeshafika. Mwenye nyumba alitupa siku mbili za nyongeza. Faili lilihitaji nyingi kuliko hizo. Alikuwapo mtu mwingine anayeitaka nyumba, mwenye fedha taslimu mkononi, asiyehitaji kuulizwa na yeyote. Mwenye nyumba hakutufanyia ubaya. Alimuuzia. Mkubwa wangu akaweka barua ya onyo katika faili langu la ofisini akaniambia ana imani nami, na kwa kweli ningependa zaidi kama angenifukuza.

Shangazi nilimkuta chini, katika chumba cha mashine za kufulia, na kapu la mashuka ya Ami. Nilimweleza kila kitu nikiwa nimesimama, mashine zinanguruma. Nilimwambia nilitakiwa kuandika na sikuandika.

"Ile karatasi ya jikoni?"

"Ile ile."

"Kumbe kweli haikuwa riba."

"Haikuwa, Shangazi."

Aliliweka kapu sakafuni. Mashine moja ikamaliza na kuanza kulia, na hakuna aliyekwenda kuizima.

"Ungenigombeza," alisema mwishowe. "Wewe hujui kugombeza? Siku zote wanigombeza. Chumvi wanigombeza, simu wanigombeza. Siku ile ndiyo ukajua kunyamaza."

Aliinama akachukua kapu, na nilipotaka kumpokea akalivuta upande wake.

"Yeye usimwambie," alisema.

Hatukumwambia. Nilipanda ngazi na Shangazi, na Ami akaniuliza kwa ule ulimi wake mzito tunahama lini. Nikamwambia wanapaka rangi.

"Rangi gani?"

"Wewe wataka rangi gani?"

Alifikiri. "Ya samli."

Basi ikawa rangi ya samli. Jumamosi iliyofuata nilisema rangi haijakauka vizuri, na ile ya baada yake nikasema fundi amekuta bomba linavuja. Nilitengeneza sakafu, nikabadilisha vitasa, nikang'oa mti uliokuwa ukiziba mlango wa nyuma. Ami alikuwa na ushauri kwa kila jambo. Kuhusu mti alinikemea, alisema ningeuacha. Na wakati huo huo nilikuwa nikiitafuta nyumba nyingine kwa roho juu, Herndon, Sterling, hadi Manassas, na hakuna hata moja yenye chumba chini na mlango usio na kidato ambayo Shangazi angeweza kuifikia. Nilikuwa nikitoka kwenye nyumba za watu nikakaa garini nikalia, kisha nikajipaka wanja upya na kwenda kumpa Ami habari za fundi. Nilimpenda mzee yule. Sijawahi kumdanganya mtu kwa mapenzi makubwa kiasi kile, wala sijui kama kwa Mungu hilo linapunguza kitu.

Alifariki baridi ilipokuwa ikielekea kwisha, adhuhuri, pale pale dirishani. Shangazi alikuwa jikoni na alidhani amesinzia. Wanaume wa msikitini walikuja kumchukua, na kwenye kona za ngazi iliwabidi wainue jeneza upande mmoja lipate kupita.

Msibani fleti ilijaa. Wanawake walikaa sebuleni juu ya mikeka na mashuka, na dada yake Ami alikuja kutoka Wheaton na binti zake. Ni mtu mzima mwenye sauti, na alikuwa na uchungu wa haki. Siku ya tatu, baada ya kusoma hitima, nilikuwa nikipitisha chai alipouliza mbele ya watu wote jambo ambalo kila mtu alikuwa akilinong'ona.

"Wifi, nyumba si ilipatikana? Kaka aliniambia mwenyewe kwa simu, nyumba ya chini, ina mlango wa nyuma. Aliniambia hata rangi. Imekuwaje amefia huku juu?"

Birika lilikuwa mkononi mwangu. Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua mdomo, lakini Shangazi alinitangulia.

"Ni mimi," alisema. "Mimi nilikataa. Niliona ina riba."

Hakunitazama. Alikuwa ameketi na leso nyeusi kichwani, mikono mapajani, kama mtu anayejibu swali rahisi. Nilielewa alichokuwa akifanya. Sebule ile ilikuwa na nusu ya wateja wangu wote na nusu ya wale niliotarajia kuwapata. Neno moja pale, kwamba dalali huyu ndiye aliyempotezea shangazi yake nyumba, lingenimaliza kabla chai haijapoa.

"Ukakataa," alisema wifi yake. "Kaka yangu hawezi kusimama, na wewe ukakataa nyumba."

"Nilikataa."

"Kwa misimamo yako."

Shangazi akainamisha kichwa. Mwanamke mmoja pembeni akasema "Subhanallah" kwa sauti ya chini, na mwingine akavuta mtandio wake akamwachia nafasi kubwa kuliko iliyohitajika. Tangu siku ile ndugu za Ami hawakanyagi kwake. Idi mbili zimepita. Shoga zake wa mazulia wanampigia simu mara chache, na wakimtaja humtaja kwa lile neno, misimamo, na yeye anajua. Mimi bado nauza nyumba. Fomu ndiyo kitu cha kwanza ninachowapa wateja, na wananisifu kwamba mimi ni dalali mwaminifu.

Siku ile nilibaki nimesimama katikati ya sebule na birika. Dada yake Ami aligeuka, macho yamemvimba, akanishika mkono wangu ule uliokuwa huru, akauweka kifuani mwake.

"Lakini wewe, mwanangu," alisema, "wewe Mungu akulipe. Wewe peke yako ndiye uliyemhangaikia kaka yangu. Alinisimulia kila Jumamosi. Mungu akupe nyumba peponi, karibu na yake."

Wanawake wakaitikia sebule nzima. Yeye akaendelea kunishika, akinisubiri na mimi niitikie. Nikamtazama Shangazi. Alinitikisia kichwa kidogo sana, niseme.

"Amin," nikasema.